Caruso: Sauti ya kumtoa nyoka pangoni

Msomaji, hebu tuseme umetumwa kazi ugenini. Mwajiri wako yuko nchi nyingine, na mbele yako pana biashara ambayo moyo unakuambia usiiache ikupite. Unapeleka telegramu kuomba idhini ya kulipa pauni 100. Jibu linarudi mbio: pesa hizo zimepita kiasi, usirekodi. Je, ungefanyaje?

Fred Gaisberg, Mmarekani aliyekuwa fundi wa kurekodi wa kampuni ya Gramophone ya London, aliitia telegramu hiyo mfukoni akaendelea na kazi. Hivyo ndivyo alivyosimulia mwenyewe baadaye. Alikuwa mjini Milan, Italia, na katika jumba la opera la La Scala alikuwa amemsikia kijana wa miaka 29 akiimba katika opera mpya iitwayo Germania. Bei ya kijana huyo ilikuwa pauni 100 kwa nyimbo 10, zote ziimbwe kwa mkupuo mmoja. Tarehe 11 Aprili 1902, katika chumba cha Grand Hotel, hoteli ileile ambamo mtunzi mkuu Giuseppe Verdi alikuwa amefia mwaka uliotangulia, kijana aliingia amevaa kitanashati, akasimama mbele ya pembe la bati, akaimba nyimbo zote 10, akachukua pesa zake akaenda zake.

Kijana huyo ni Enrico Caruso. Kwa alasiri hiyo moja, gramafoni, ambayo wanamuziki wengi wakubwa waliiona kuwa mchezo wa watoto, ilipata heshima. Na Caruso alipata jina ambalo hadi leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, hutajwa kila mtu anapotaka kusema kwamba fulani ana sauti.

Kwa wale ambao neno opera huwafanya wabadilishe stesheni ya redio, nieleze kidogo. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, huku okestra ikipiga chini ya jukwaa. Hakuna maikrofoni. Mwimbaji husimama mbele ya vyombo 50 au zaidi na watu 2,000 au 3,000, na yule wa kiti cha mwisho kule juu darini sharti amsikie. Tenori ndiyo sauti ya juu ya kiume, ile ambayo katika kwaya zetu huitwa sauti ya tatu. Katika opera, tenori aghalabu ndiye mpenzi: ndiye anayependa, ndiye anayesalitiwa, na mara nyingi ndiye anayekata roho kabla pazia halijafungwa.

Caruso alizaliwa Naples, kusini mwa Italia, tarehe 25 Februari 1873. Utasoma mahali pengi kwamba alikuwa mtoto wa 18 kati ya watoto 21. Ni porojo tamu, lakini si kweli. Kumbukumbu za familia zinaonyesha watoto saba, yeye akiwa wa tatu, na waliopita umri wa utotoni ni watatu tu. Nyumba iliyozika watoto wanne haihitaji kutiwa chumvi.

Babake, Marcellino, alikuwa fundi wa mitambo na alitaka mwanawe naye ashike nyundo. Mamake, Anna, ndiye aliyemtia moyo asome na aimbe kanisani. Mama huyo aliaga dunia mwaka wa 1888, kijana akiwa na miaka 15. Kuanzia hapo Enrico aliimba popote palipokuwa na vijisenti: kanisani, mikahawani, na hata chini ya madirisha ya wasichana kwa niaba ya vijana waliokuwa na mapenzi lakini hawana sauti.

Mkataba

Mwalimu wake wa kwanza wa maana, Guglielmo Vergine, hakumtamani. Inasimuliwa kwamba alimwambia sauti yake ni kama upepo unaopuliza dirishani. Alimruhusu akae darasani asikilize wengine. Hata hivyo, mwalimu huyo huyo alimtilisha saini mkataba wa kumpa asilimia 25 ya mapato yake kwa miaka mitano ya kuimba. Kijana alidhani ni miaka ya kalenda. Kumbe maana yake ilikuwa siku za kuimba hasa. Yaani zihesabiwe siku alizopanda jukwaani tu, hadi zitimie za miaka mitano! Kwa hesabu hiyo angemlipa mwalimu hadi mvi zimtoke. Mambo yalifika mahakamani, na Caruso akajinasua kwa kulipa pesa za mkupuo. Enyi wanafunzi mnaoota kuwa wasanii, someni mistari ile midogo ya mkataba kabla ya kutia saini.

Deni jingine halikuwa la karatasi. Mwaka wa 1894 aliitwa jeshini, na nduguye mdogo, Giovanni, akakubali kwenda kutumikia badala yake ili Enrico apate nafasi ya kuimba. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Machi 1895, Enrico akaimba opera yake ya kwanza katika ukumbi wa Teatro Nuovo, Naples.

Usidhani kwamba sauti ile ilishuka kutoka mbinguni ikiwa kamili. Katika miaka ya mwanzo noti za juu zilimkatikia kooni mbele ya hadhira. Ni kiongozi wa okestra Vincenzo Lombardi aliyemfunza namna ya kuzifikia bila kuzivunja, na baadaye mwimbaji Ada Giachetti, aliyekutana naye mjini Livorno mwaka wa 1897, akamnoa zaidi. Ada alikuwa mke wa mtu. Hawakuoana, lakini walizaa wana wawili, Rodolfo na Enrico mdogo, na wakaishi pamoja hadi mwaka wa 1908, Ada alipomtoroka na kwenda kuishi na dereva wa familia. Nitapita hapo haraka. Magazeti ya enzi hizo yalishalila jambo hilo hadi mfupa.

Kuna opera moja ambayo lazima uikumbuke ili uelewe mtu huyu. Inaitwa L'elisir d'amore, na mtunzi wake ni Donizetti. Inamhusu Nemorino, kijana maskini wa kijijini anayempenda mwanamke mwenye mali, naye tapeli mmoja anamuuzia divai ya kawaida akimwambia ni dawa ya mapenzi. Mnamo Februari 1901, Caruso aliimba sehemu ya Nemorino katika La Scala, chini ya kiongozi wa okestra Arturo Toscanini, na ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Mwishoni mwa mwaka huo huo akaipeleka opera hiyo nyumbani, katika jumba la San Carlo la Naples.

Je, nyumbani walimpokeaje? Kwa ubaridi. Wale waliojiona wajuzi wa muziki walimtazama kama mtoto wa mtaani aliyejitia makuu, na gazetini akachambuliwa kama karanga. Caruso alimaliza maonyesho aliyokuwa ameahidi, kisha akaapa kwamba hataimba tena Naples. Atakuja kula spageti tu. Kiapo hicho hakukivunja.

Pembe la bati

Miezi michache baadaye ndipo alipoingia kile chumba cha hoteli mjini Milan. Mojawapo ya nyimbo 10 alizoimba humo ilitoka katika opera hiyo hiyo ambayo Naples haikumshangilia. Ni wimbo wa Nemorino, Una furtiva lagrima.

Kurekodi kwa wakati huo kulikuwa hivi. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe, na nyuma ya pembe palikuwa na utando mwembamba uliounganishwa na sindano. Sauti ilitikisa utando, utando ukatikisa sindano, na sindano ikachora mfereji katika sahani ya nta inayozunguka. Basi. Hapakuwa na umeme katika kuinasa sauti. Maikrofoni haikuingia katika kazi hiyo hadi mwaka wa 1925. Piano ilipandishwa juu ya masanduku ili ilingane na pembe. Mwimbaji akikosea, nta ilitupwa na kazi ikaanza upya.

Pembe hilo lilikuwa na upendeleo. Sauti nyembamba za wanawake zilitoka kama za mbu, fidla zilififia, na ngoma zilipotea kabisa. Sauti ya mwanamume yenye mwili, iliyojaa katikati na kupanda bila kukonda, ndiyo iliyopita salama. Caruso alikuwa na sauti ya namna hiyo hasa. Ilikuwa tenori, lakini chini yake mlikuwa na rangi nzito iliyokaribia baritoni. Tenori wengi wa enzi hizo huenda walikuwa na noti za juu zaidi yake. Lakini ukiwasikiliza leo katika santuri kuukuu, wengi wao ni wazee wanaoita kutoka ng'ambo ya mto. Caruso yuko chumbani nawe.

Kampuni hiyo ya London ndiyo iliyosambaza santuri zenye picha ya mbwa aliyetega sikio mbele ya pembe. Ndiyo pia iliyomrekodi Siti binti Saad wa Unguja pamoja na wenzake mjini Bombay mwaka wa 1928, na santuri zao zikapigwa katika nyumba na mikahawa ya pwani yetu. Njia iliyopitisha sauti ya binti aliyewahi kuuza vyungu hadi Mombasa ilikuwa imefunguliwa, kwa sehemu kubwa, na mtoto wa fundi wa Naples.

Mwaka uliofuata Caruso alivuka bahari. Tarehe 23 Novemba 1903 aliimba Rigoletto katika jumba la Metropolitan, New York, na kuanzia hapo likawa kama nyumbani kwake. Kwa misimu 18 aliimba na kundi hilo zaidi ya mara 800. Mwaka wa 1904 alianza kurekodi Marekani na kampuni ya Victor, na santuri zake zenye nembo nyekundu zikaingia katika nyumba za watu ambao hawangeweza kamwe kununua tiketi ya opera. Wahamiaji kutoka Italia waliokuwa wakichimba barabara na kushona nguo New York walikuwa na Caruso mezani jioni.

Alikuwa mcheshi, mtu wa watu. Alichora vibonzo vya marafiki zake na kuvitoa katika gazeti la Kiitaliano la New York bila malipo. Mwaka wa 1906 tetemeko la ardhi lilimkuta hotelini San Francisco, saa chache baada ya kuimba Carmen, akatoka mzima. Lakini kisa ninachokipenda ni cha Philadelphia, mwezi wa Desemba 1913. Mwimbaji wa besi, Andrés de Segurola, alikaukiwa na sauti katikati ya La bohème. Ulipofika wimbo wake wa kuliaga koti lake kuukuu, Caruso, tenori, alimnong'oneza anyamaze, akageuzia hadhira mgongo na kuuimba yeye kwa sauti ya besi. Wengi ukumbini hawakutambua. Wanakwaya mnaobishana kila Jumamosi nani ni tenori na nani ni besi, mnasemaje?

Deni

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha maisha haya. Kabla ya santuri, mwimbaji alishindana na kumbukumbu za watu, na kumbukumbu husamehe. Baada ya santuri, Caruso alishindana na Caruso. Mtu aliyenunua tiketi alikuwa na wimbo ule ule nyumbani. Ameusikiliza mara mia, anajua kila pumzi. Hakuja kusikia tu. Alikuja kuhakikisha.

Waliomjua walisimulia jinsi alivyotetemeka kabla ya kupanda jukwaani, na jinsi alivyovuta sigara moja baada ya nyingine. (Naam, tenori mkuu wa dunia alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Wazazi, msinilaumu.) Metropolitan ilikuwa tayari kumwongezea malipo, lakini alikataa kupita dola 2,500 kwa onyesho. Hoja yake ilikuwa kwamba akilipwa zaidi, watu watadai zaidi, naye hana zaidi ya kutoa. Mimi naona hiyo ni hesabu ya mtu anayejua uzito wa mzigo alioubeba. Kwingineko alichukua kikubwa: huko Havana, Kuba, mwaka wa 1920 alilipwa dola 10,000 kwa usiku mmoja, na humo humo ukumbini bomu likalipuka wakati wa Aida.

Mwaka wa 1909 alifanyiwa upasuaji wa koo mjini Milan. Alirudi jukwaani na sauti nzito zaidi, akaanza kuchukua nafasi zilizohitaji nguvu zaidi. Mwaka wa 1918 alimwoa Dorothy Benjamin, Mmarekani wa miaka 25, yeye akiwa na 45. Baba mkwe alikasirika na kumnyima bintiye urithi. Desemba 1919 wakajaliwa binti, Gloria.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, alianza kuumwa mbavuni. Daktari alimwambia ni mishipa tu. Tarehe 11 Desemba 1920 alikuwa Brooklyn, New York, na opera ya usiku huo ilikuwa, tena, L'elisir d'amore. Hakuwa ameimba kwa muda mrefu damu ilipoanza kumtoka mdomoni. Aliipangusa kwa kitambaa akaendelea. Kitambaa kikalowa. Wenzake wakampitishia taulo kutoka pembeni mwa jukwaa, moja baada ya nyingine, naye akaimba, akapangusa, akaimba. Alimaliza sehemu ya kwanza. Onyesho likasitishwa, watu wakaenda nyumbani.

Pengine unauliza, kwa nini mkewe, daktari au wakubwa wa jumba hawakumzuia? Siku chache baadaye alikuwa jukwaani tena. Mkesha wa Krismasi aliimba La Juive katika Metropolitan, akiigiza sonara mzee wa Kiyahudi. Krismasi yenyewe ilimkuta akilia kwa maumivu. Haikuwa mishipa. Utando wa mapafu ulikuwa umeshika maradhi na usaha umejaa, na huo ulikuwa wakati ambapo penisilini haijagunduliwa. Alipasuliwa mara kadhaa.

Mei 1921 alisafiri na familia yake hadi Italia kupumzika Sorrento, karibu na Naples. Dorothy alisimulia katika kitabu chake kwamba siku moja kijana fulani alikuja Caruso amsikilize. Kijana akajaribu. Kisha Dorothy, akiwa chumba kingine, akasikia sauti nyingine ikiimba, na hiyo hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Alimkuta mumewe amesimama, uso umejaa furaha, akisema kwamba bado anaweza kuimba.

Hali ilibadilika haraka. Madaktari walishauri apelekwe Roma akatolewe figo, lakini hakufika. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1921 katika Hotel Vesuvio, mjini Naples, akiwa na miaka 48. Mji uliompokea kwa ubaridi ulifurika barabarani kumzika. Gloria hakuwa ametimiza hata miaka miwili.

Filamu ya mwaka wa 1951, The Great Caruso, ambamo Mario Lanza aliigiza kama yeye, iliwatia vijana wengi ugonjwa wa kuimba. Mmoja wao alikuwa mtoto mdogo wa Barcelona aitwaye José Carreras. Ndiye yule aliyeimba Roma pamoja na Luciano Pavarotti na Plácido Domingo tarehe 7 Julai 1990, siku moja kabla ya fainali ya Kombe la Dunia kati ya Ujerumani Magharibi na Argentina.

Kama ungependa kumsikia Caruso mwenyewe, ni rahisi leo kuliko zamani. Mwaka wa 1976 baadhi ya rekodi zake zilitolewa upya baada ya Thomas Stockham wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, kutumia kompyuta kuondoa mwangwi wa lile pembe la bati. Lakini nakushauri uanze na santuri zenyewe, pamoja na mchakacho wao wa mafuta yakikaanga. Tafuta wimbo ule wa Nemorino. Aliurekodi zaidi ya mara moja, na unaweza kuzisikiliza rekodi tatu kwa mfululizo, watoto wakiwa wamekaa kando, kwa muda usiozidi dakika 15. Ya 1902 ni ya kijana mwenye haraka, sauti nyepesi, piano ikimkimbilia nyuma. Ya 1904 ametulia, anachezea noti kama mtu asiye na deni. Ya 1911 ina okestra, na sauti imekuwa pana na nyeusi, kama ya mtu mwingine, hadi ufike mwisho wa wimbo, pale anapobaki peke yake bila chombo chochote. Hapo punguza kelele za nyumba, usikilize anapovuta pumzi.